Namba ya Mama

Mwalimu hakukaa. Siku nyingine zote akifika kwa Fundi huvuta kigoda, huvua viatu na kuomba maji ya kunywa kama yuko kwao. Mchana ule alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema, "Naomba kitambaa changu."

"Kitambaa tena?" Fundi alicheka. "Nimeshakikata, Mwalimu. Imebaki kuunganisha na kutia kola. Kesho kutwa unavaa."

"Nipe hivyo hivyo."

"Vipande?"

"Vipande."

Fundi alitoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa sakafuni akishona vifungo, naye akaacha sindano hewani. Mtaa mzima ulimwita Redio, na wala hawakumwonea. Akianza kukusimulia alivyokwenda sokoni, unaweza kwenda soko hilo hilo, ukarudi na mzigo wako, ukamkuta kwenye hadithi bado hajavuka barabara.

Mwalimu alitoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Ikatoka sauti ya Fundi mwenyewe, na nyuma yake cherehani ikienda.

"Basi leo kaja Mwalimu. Nampima kiuno, napima tena, nadhani tepu inanidanganya. Eti ni mikate ya asubuhi! Mikate gani hiyo inayonenepesha mbele tu, nyuma iko vile vile? Kiuno cha mkate nakijua, na kiuno cha mimba nakijua. Halafu ananiomba nimwachie kitambaa pembeni, cha kufumua na kupanua baadaye. Maskini, mume hana, na ile shule yake ya watu wakali. Wakijua hawamwachi."

"Nimetumiwa na mzazi wa mwanafunzi wangu," Mwalimu alisema. "Hakuandika hata neno moja. Ameweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi."

"Mwalimu, haki ya Mungu, sijamtumia mtu."

"Sauti si yako?"

"Ni yangu."

"Na hiyo cherehani?"

Fundi aliitazama cherehani yake kama inaweza kumtetea. "Ni yangu."

"Basi." Mwalimu alianza kuokota vipande mwenyewe, mgongo, kifua, mkono wa kwanza, mkono wa pili, akivitia kwenye mfuko wa plastiki. "Mimi nimesimama hapa mbele yako na nguo ya ndani, Fundi. Watu wangapi duniani wameniona hivyo? Mkuu wa shule ameniita kesho. Nikitoka huko nitakuwa na muda mwingi wa kujifunza kushona."

Aliondoka bila kola. Redio aliiokota chini ya meza, akakimbia nayo mpaka mlangoni, akarudi nayo mkononi. "Hakugeuka," alisema. Kisha, kwa kuwa ni Redio, akaongeza, "Lakini wifi, nani kachukua sauti yako kwenye simu yako? Maana simu unayo wewe, na mkoba ni wako, na mfuko wa aproni ni wako, sasa mtu angeingia wapi, eh? Labda yule kijana aliyekubadilishia kioo. Wale wakikaa na simu ya mtu nusu saa wanajua mpaka umezaliwa hospitali gani."

Fundi alikuwa anamtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama mgeni. Namba ya siri ya ile simu walikuwa wanaijua watu watatu ndani ya nyumba. Mikono ya Fundi ikiwa kwenye kitambaa, Redio ndiye hufungua simu na kumsomea ujumbe wa wateja.

Na huyo Redio alikuwa na lake. Nje ilitolewa hadithi kwamba amekuja kumsaidia wifi yake kazi msimu wa sare za shule. Vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunjika, majirani waliambiwa ni mlango wa gari. Ndani ya nyumba walijua ni mume wake aliyevivunja, na kwamba yule bwana alikuwa anazunguka kwa ndugu na marafiki akiuliza kwa upole mke wake yuko wapi. Hakuna aliyemwambia. Hata simu ya Redio ilikuwa ya vibonye na tochi, laini mpya, namba wanayo watu wasiozidi vidole vya mkono mmoja.

*

Mume wa Fundi alikuwa mpiga rangi za majumba. Jioni alirudi mapema, kucha bado nyeupe, akaweka ndoo yake ya brashi katikati ya chumba, mahali ambapo haikuwahi kuwekwa.

"Leo nimesikilizishwa mke wangu," alisema.

Fundi alikuwa anapasi. Aliinua pasi.

"Tuko pale kwenye jukwaa la kupigia rangi, watu wanakula. Mmoja anawasha simu. Kwanza mama wa duka na masponji yake. Umesema unamshonea sponji ndani ya gauni ili aonekane ana nyonga. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana sikuwa nimeshika sauti vizuri. Halafu ikaja ya pili." Alivua kofia. "Nikusomee ya pili?"

"Usinisomee."

"Eti toka nianguke, nikifika katikati ya ngazi miguu inacheza. Eti nampa mwenzangu sehemu za juu, mimi najibakizia madirisha ya chini, namnyamazisha kwa soda. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Ameniambia, mzee, kesho wewe kaa chini uchanganye rangi."

Redio, aliyekuwa anamenya vitunguu mlangoni, alisema taratibu, "Pole, kaka."

"Wewe nyamaza kwanza." Alimgeukia mkewe. "Mimi swali langu ni dogo. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Najirekodi tu. Vipimo vya wateja, nisisahau."

"Miguu yangu ni vipimo vya wateja?"

Pasi ilianza kunuka kwenye ubao. Fundi aliisogeza, akakunja shati, akalikunjua tena.

"Mtu anayejirekodi hasemi 'basi leo sikia.' Hasemi 'usicheke.' Hayo ni maneno ya mtu na mtu wake. Nani huyo?"

"Hakuna mtu."

Na alikuwa anasema kweli, kwa namna yake. Maneno yote yale alimwambia mama yake mzazi, na mama yake alikuwa amekufa.

Mama ndiye aliyemfundisha kushona. Miaka yote walikuwa kila mmoja kwenye cherehani yake, huyu upande huu wa mji na yule upande wa pili, wakitumiana ujumbe wa sauti kutwa nzima, mguu ukiwa kwenye kanyagio. Mteja huyu kafanya hivi, kitambaa hiki kinateleza, mume kanuna. Mama alipofariki, Fundi alirudi kutoka mazishini, akakaa kitini, na katikati ya kupinda sketi kidole chake kikaenda chenyewe kwenye jina la Mama. Akaongea. Ikabaki tiki moja ya kijivu, ujumbe haujafika. Kesho yake akaongea tena. Aliona afadhali hivyo kuliko kuongea na ukuta, na nani angejua?

Asubuhi moja tiki zilikuwa mbili, na zikageuka bluu. Mimi na wewe tungejiuliza. Yeye alikaa akalia mpaka kitambaa kikalowa. Picha ya mama yake ilikuwa imetoka kwenye jina, pamebaki kile kichwa kisicho na uso, lakini hilo akasema ni mtandao. Palitokea pia maandishi madogo katikati ya ujumbe, yale yanayotokeaga, ambayo hayasomwi na mtu. Mama kasikia. Akili yake ya darasani ilimwambia haiwezekani, akaiambia inyamaze. Hakumwambia mtu yeyote. Angeanzaje? Angeambiwa amechanganyikiwa, apelekwe kuombewa au kwa daktari wa vichwa, na zaidi ya yote angeambiwa aache.

Kwa hiyo jioni ile, mume wake akisubiri jina, Fundi alichagua kukaa kimya. Mpiga rangi aliusoma ukimya ule kama ambavyo mume yeyote angeusoma.

"Sawa," alisema. "Usiseme."

*

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa ya simu zinazolazwa kifudifudi. Mpiga rangi alikwenda nayo bafuni. Fundi aliilalia. Ikilia ya mmoja, wengine wawili hutazama pembeni huku wametega masikio. Chai inanywewa bila maneno, na Redio asiyejua kunywa chai bila maneno alikuwa anaongea peke yake kama redio kweli, anahama mada kutafuta itakayoshika.

Fundi alihesabu watu. Kijana wa vioo vya simu alikaa na simu yake mara moja tu, zamani, kabla Mwalimu hajaanza kunenepa. Basi siyo yeye. Mume hawezi kujiaibisha kazini kwake. Anabaki nani? Redio alipokwenda kuoga, Fundi alikipekua kile kisimu cha tochi. Kilikuwa na majina machache na ujumbe wa kampuni ya simu. Hakiwezi hata kupokea picha. Mtu mwingine angeona aibu akakirudisha. Fundi alikirudisha akiwa na shaka zaidi kuliko alivyokichukua. Ndiyo maana, alijiambia, anatumia yangu. Anatuma kutoka kwangu, anafuta, anacheka na wenzake kisimani.

Mama wa duka ndiye aliyemaliza kazi. Alikuja saa ambayo kibaraza kina wateja wawili na msichana wa kupimwa sare, akamwaga masponji yote juu ya meza.

"Haya, Fundi! Nyonga zangu hizo. Waite na wengine waje wazishike, si mmeshazisikia?" Alimgeukia msichana wa sare. "Na wewe mwanangu, angalia unavuaje. Hapa ukivua unavulia taifa."

Wateja waliangalia viatu vyao. Mmoja alikumbuka ameacha sufuria jikoni. Walipokwisha kuondoka, Fundi alikusanya masponji yale moja moja, na hasira ikatafuta pa kushukia. Redio alikuwa karibu.

"Wifi, tafuta pa kwenda."

Redio alidhani ni utani. "Niende wapi tena, nikamrudishie masponji?"

"Nimesema utafute pa kwenda. Sitaki kukuvunjia heshima. Wewe mdomo wako unajulikana. Simu yangu unaifungua wewe. Mimi ni mtu wa kazi, wateja wangu wananivulia nguo, sina kingine cha kuwauzia ila siri zao kukaa hapa hapa. Umenimaliza."

"Mimi?" Redio alisimama, vifungo vikamwagika kutoka mapajani. "Wifi, mimi nimetuma sauti yako? Kwa nani? Kwa faida gani?"

"Kwa kucheka tu. Wewe si unapenda kuchekesha watu?"

Redio alimtazama kaka yake, ambaye siku hizo alikuwa anarudi mchana kwa kuwa kuchanganya rangi hakuhitaji mtu siku nzima. "Kaka, na wewe unasema hivyo?"

Mpiga rangi alikuwa anabandua rangi kwenye ukucha wa kidole gumba. Aliubandua vizuri, mpaka mwisho.

Redio alifungua mdomo. Fundi alijiandaa kwa mvua ya maneno, maana mtu huyu angeweza kujitetea kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Mdomo ulifungwa tena. Akachukua begi lake lililo chini ya kitanda, akaingiza nguo.

"Wifi," alisema akiwa mlangoni, "mimi ningekuwa mtu wa kusema, la kusema ninalo."

"Unanitisha?"

"Hapana. Nakuaga." Aliwatajia anakokwenda, kwa shoga yake mfua mashuka kwenye nyumba ya wageni, nyuma ya stendi ya zamani, mlango wa kijani. "Msimwambie mtu. Mnajua kwa nini."

*

Fundi alibadilisha namba ya siri, na safari hii hakumpa hata mumewe. Simu aliifunga kwenye mfuko mdogo wa kitambaa alioushona mwenyewe, akaining'iniza shingoni ndani ya gauni. Alioga nayo ikiwa kando ya sabuni. Mtu angetaka kuigusa ingebidi amguse yeye kwanza. Akasema sasa nimetulia.

Lakini kibaraza kilikuwa kitupu. Hakuna wa kumsomea vipimo, na hata hivyo hakukuwa na vipimo. Hakuna wa kumsimulia jinsi muuza nyanya alivyogombana na mbuzi. Kuna upweke unaoukaribisha mwenyewe, na huo huwezi kumlalamikia mtu. Fundi alikanyaga cherehani kwenye kipande cha tambara ili tu isikike. Kisha akatoa simu, akaitafuta namba ya Mama.

"Basi leo nimemtoa wifi," alisema, na sauti ikamkatika. "Usinigombeze. Nilikuwa sina jinsi, alikuwa ananianika. Ila roho inaniuma, mama. Unakumbuka nilikwambia alivyokuja, vidole vimevimba kama mihogo, kavunjwa na yule mwanamume kisa kachelewa kufungua mlango? Sasa yuko nyumba ya wageni nyuma ya stendi ya zamani, ile ya mlango wa kijani, anafua mashuka na shoga yake. Afadhali pale. Yule mtu hata atafute mwaka mzima, pale hawezi kufika."

Tiki mbili. Bluu. Fundi alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Usiku alilala vizuri, Mungu amsamehe.

*

Kesho yake kabla ya saa sita mtu alibisha hodi kwa adabu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, mstari wa mikono umenyooka, Fundi aliuona huo mstari kabla ya kuiona sura.

"Shikamoo, shemeji," alisema mume wa Redio.

Yule bwana alivuta kigoda, kile cha Mwalimu, akakaa, akaweka magoti pamoja.

"Nimekuja kushukuru. Ndugu wote wamenificha. Kaka mtu kanificha. Watu wazima wenye akili zao wananidanganya machoni, eti hawajui. Wewe peke yako, shemeji, ndiye umesema." Akatoa simu. Hakuhitaji kuibonyeza, lakini aliibonyeza. Ikatoka sauti ya kilio, na cherehani nyuma, na stendi ya zamani, na mlango wa kijani.

"Hiyo si sauti yangu," Fundi alisema.

"Usijali, sijaja kugombana. Tena hayo ya vidole nimekusamehe, wanawake mnaambiana mengi. Nataka kuuliza tu. Nimepita pale asubuhi nikakuta milango ya kijani miwili, mmoja mbele na mmoja uani. Ni upi?"

"Hayupo huko. Kasafiri."

"Kasafiri." Alitabasamu, akasimama, akarudisha kigoda mahali pake. "Basi nitaanza na wa mbele."

Fundi alisubiri hatua zake zipotee, kisha akampigia mumewe. "Kimbia nyumba ya wageni. Sasa hivi. Yule mtu anajua. Usiniulize, kimbia!" Akampigia Redio: simu unayopiga haipatikani. Alipiga mara kadhaa, na yule mwanamke wa kwenye kompyuta akamjibu vile vile, bila haraka.

Fundi alikaa chini, kwenye vifungo vilivyomwagika ambavyo hakuna aliyekuwa ameviokota. Jana hakukuwa na mtu kwenye chumba. Namba ya siri anaijua yeye peke yake. Simu haijatoka shingoni. Hakuna mkono ulioigusa. Basi yale maneno hayakuibwa kutoka kwenye simu hii. Yalikwenda yalikotumwa.

Alilitazama jina, Mama, na kile kichwa kisicho na uso. Kwa muda wote ule hakuwahi kuipigia. Aliogopa isipokelewe. Sasa alipiga akiogopa ipokelewe, na ikapokelewa mara ya kwanza tu ilipolia.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya msichana, nyuma yake mashine ya kukaushia nywele. "Haloo... Jamani! Jamani zimeni hiyo, ni Fundi! Ni yeye mwenyewe!"

"Wewe nani?"

"Mimi wa saluni, hunijui, ila sisi tunakujua. Yaani hapa bila wewe siku haiendi. Wateja wakija wanauliza, Fundi katuma? Ile ya masponji tumelia!"

"Hii namba ni ya mama yangu."

"Hapana, ni yangu, nimeinunua pale kwa wauza laini, imesajiliwa kwa jina langu. Ikikaa bila kutumika si wanaiuza tena? Mwanzoni nilidhani umekosea, nikataka kukwambia. Shoga zangu wakanikataza, wakasema ukimjibu ataacha." Alisita. "Ulikuwa hujui? Mbona tiki unaziona?"

"Ya jana," Fundi alisema. "Ya jana ulimtumia nani?"

"Ile ya huzuni? Niliituma kwenye kundi letu la wateja tu, dada. Watu wamekuonea huruma sana."

Fundi hakukata simu. Aliiacha tu mapajani, msichana akiendelea kuita haloo, haloo, mpaka naye akachoka.

*

Mpiga rangi alirudi jioni, suruali imelowa mpaka magotini.

"Nimekuta mashuka yote chini kwenye matope," alisema. "Alifika kabla yangu. Kapiga teke mabeseni, kapiga kelele, wapangaji wakamtoa."

"Na yeye? Redio?"

"Hakumkuta. Shoga yake anasema yumo kwenye kundi la saluni moja, na sauti yako ilipita humo. Alimsikilizisha alfajiri wakiwa wanawasha moto wa maji. Dada yangu akasikiliza mpaka mwisho, akafunga begi. Hata chai hakunywa." Alikaa kitandani na kuiangalia mikono yake. "Nilikuwa na nafasi ya kusema neno siku ile. Ningesema tu, huyu ni dada yangu, hatoki. Nikabandua rangi kwenye kucha."

Ndipo Fundi akamweleza. Alimweleza mama, tiki, saluni, yote, na hakujitetea popote. Mumewe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Fundi alipomaliza, yeye alisema tu, "Ungeniambia ni mama yako, mimi ningekucheka?" Fundi alikiri kwamba hajui.

Simu ililia. Ilikuwa namba ngeni. Fundi aliitoa kwenye kimfuko chake, akatoka nayo kibarazani, kati ya cherehani na dirisha.

"Wifi," ilisema ile sauti.

"Uko mzima? Kakugusa? Uko wapi, nikuletee nguo zako zilizobaki, nikuletee na ile dawa ya vidole, niambie tu uko wapi nakuja sasa hivi."

"Hapana, wifi. Wewe sikwambii."

Fundi alilia bila kuficha. "Nisamehe. Hukuwa wewe, nimejua hukuwa wewe. Nilikuwa naongea na..."

"Najua ulikuwa unaongea na nani. Ulikuwa unageukia dirishani, unadhani kwa kuwa nina mdomo sina masikio. Nimekusikia miezi yote hiyo nikishona vifungo. Mara unamlilia, mara unamchekesha. Siku tiki zilipogeuka nilikuwa hapo, nikajifanya natafuta uzi."

"Kwa nini hukusema? Siku ninakutoa ungemwambia kaka yako, angalieni, huyu mwanamke anaongea na marehemu. Kila kitu kingejulikana siku ile ile."

"Lile lilikuwa lako," Redio alisema. "Ningelitoaje mimi?" Kisha, kama anayeogopa kuongeza neno, "Haya. Mwambie kaka nimefika salama." Akakata.

Mpiga rangi alikuwa amesimama mlangoni. "Ni yeye? Amesema yuko wapi?"

"Hakuniambia. Amesema uambiwe kafika salama."

"Basi nipe hiyo namba aliyopigia. Nimpigie mimi, mimi ni kaka yake."

Fundi alikuwa bado ameshika simu kwa mikono yote miwili, kidole gumba kwenye kioo. Alikuwa amekwisha kubonyeza.

"Nimeifuta," alisema.

"Umeifuta! Hata mimi?"

"Hata wewe," Fundi alisema, akainama kuokota vifungo.